Deni Lisilo Lako Usililipe



Wengi wenu mmezoea kutusoma tukizungumza vitambaa, mikato ya magauni ya nikaha na namna ya kutunza buibui lisipauke. Leo tunaomba mtuvumilie, tuzungumze jambo lisilokuwa na nakshi: vile jina lako linavyoandikwa katika taarifa za mikopo, na la kufanya likiandikwa ndivyo sivyo. Limetupata sisi wenyewe. Na tangu litupate, tumeonana na wanawake wengi hapa Mombasa waliopatwa na jambo hilohilo, wakalimaliza kwa kulipa pesa wasizodaiwa ili tu waachwe wapumue.

Sisi ni wanawake watatu, dada wawili na wifi yetu, na riziki yetu ni cherehani. Tulitoka sekondari tukaingia kozi ya ushonaji, tukaanza na mashine moja ya miguu barazani kwa mama. Sasa tuna chumba cha duka, na Mwenyezi Mungu akijaalia, kila msimu wa harusi kabla ya Ramadhani hatupati usingizi. Mwaka huo tulitaka mashine ya kudarizi ya kompyuta. Nakshi za mkono tulikuwa tukizipeleka kwa fundi mwengine, na faida yetu ikibaki kwake. Tukaenda benki kuomba tununuliwe mashine kwa njia ya murabaha: benki ainunue, kisha atuuzie kwa bei yenye faida inayojulikana, tulipe kidogo kidogo. Karatasi zote zilikuwa sawa. Hesabu za duka za miaka mitatu zilikuwa sawa. Jibu likaja kwamba mmoja wetu, ambaye jina lake ndilo liko kwenye leseni ya biashara, ameorodheshwa CRB kwa mkopo wa shilingi 7,400 ambao haukulipwa.

Mkopo huo hatukuujua. Si yeye, si sisi wawili, si mtu yeyote nyumbani.

Kabla hatujaendelea, tuliweke wazi neno hili CRB, maana wengi wetu tunalisikia kama jina la jela. Kenya ina mashirika matatu yenye leseni ya Benki Kuu ya kuweka taarifa za mikopo ya watu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki na wakopeshaji wengine huyapelekea taarifa za kila anayekopa, alipaye vizuri na asiyelipa. Kwa hivyo kuwa na jina CRB si aibu. Ukichukua mkopo hata mmoja ukaulipa kwa wakati, umo, na umo kwa wema. Kinachoumiza ni kuandikwa kwamba hukulipa. Na anayeumizwa si mwenye biashara peke yake. Waajiri wengi huomba cheti cha CRB kabla hawajakupa kazi, hata kazi ambayo hutashika pesa ya mtu.

Sasa tuje kwa yale tuliyoambiwa. Kijana wa benki, kwa adabu zake, alisema, "Mama, hii ni pesa ndogo. Lipeni tu, mchukue cheti, mrudi wiki ijayo tuendelee." Shangazi yetu akasema vivyo hivyo: "Wanangu, elfu saba si kitu, msijitie maudhi na watu wa ofisini." Akaja na mtu mwengine, rafiki wa jirani, akasema yeye husafisha majina kwa shilingi 5,000 na haulizwi kitu.

Tulikaa usiku huo tukazungumza. Ukweli ni kwamba kulipa kulikuwa rahisi. Tulikuwa na mabibi harusi wanne wa mwezi wa Shaabani, na kila siku ya kungoja ilikuwa siku bila mashine. Pesa zenyewe tungezitoa kwenye malipo ya gauni moja. Na kuna jambo jengine lililotusukuma, jambo ambalo wanawake wa Kiislamu tunalijua vizuri. Tumelelewa kuogopa deni. Chuoni tulisomeshwa jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyojizuia kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka sahaba wake Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Mtu aliyelelewa hivyo akisikia tu neno "unadaiwa", mkono unaingia mkobani kabla hajauliza anadaiwa na nani.

Lakini dini hiyohiyo iliyotufundisha kuogopa deni imetufundisha namna deni linavyothibitishwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya madeni. Inaamrisha deni la muda liandikwe, likiwa dogo au kubwa, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Na mwenye kutamka yaandikwayo ni yule anayedaiwa, si anayedai. Haya, katika hili deni letu, ni nani aliyetamka? Mwenzetu hakufungua mdomo, hakutia saini, hakupokea senti. Na sote tunajua kwamba mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Basi tukakata shauri: hatulipi. Tutaomba ushahidi.

Tulishukuru baadaye kwa uamuzi huo, maana tulipouliza vizuri tulielewa kulipa kungetufanya nini. Ukilipa, umekubali kwamba deni ni lako. Na kwa kanuni za CRB, habari mbaya haifutwi siku ya kulipa. Hukaa kwenye taarifa yako miaka 5 tangu deni limalizwe, ikiandikwa kwamba ulichelewa kisha ukalipa. Yaani tungetoa pesa zetu kununua doa la miaka mitano. Lakini ukipinga na ikathibitika ni kosa, linafutwa kama halikuwahi kuwepo. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, na yule kijana wa benki, pengine kwa kutaka kutusaidia, alituonyesha moja tu.

Kuhusu yule msafisha majina, tuseme neno moja tuondoke. Hakuna mtu wa barabarani awezaye kufuta kitu CRB. Anayefuta ni shirika lenyewe, baada ya kuhakikisha na aliyeleta taarifa. Pesa utakazompa msafishaji zimekwenda, na nakala ya kitambulisho chako imebaki kwake.

Tulianza kwa kuchukua ripoti kamili. Si kile cheti, ripoti. Kwa sheria unayo haki ya kupata ripoti yako bila malipo angalau mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika. Inaombwa kwa simu au kwa intaneti, haihitaji kupanda basi kwenda Nairobi. Tulipoipata tuliisoma kama tusomavyo daftari la vipimo, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi.

Ripoti ina sehemu ya maelezo yako: majina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, simu, anwani. Inafuata orodha ya mikopo, kila mmoja na tarehe ulipofunguliwa, kiasi, na siku ulizochelewa. Kisha kuna orodha ya wale waliowahi kuulizia jina lako. Katika ule mkopo wa 7,400 tuliona mambo matatu. Nambari ya simu haikuwa ya mwenzetu, wala hajawahi kuwa nayo. Sanduku la posta lilikuwa la mji wa bara ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga. Na majina yalikuwa matatu yaleyale ya mwenzetu, ila yamepangwa kwa utaratibu mwengine, la babu likitangulia la baba.

Hapo mambo yakaanza kutuelea. Sisi Waislamu majina yetu ni machache na watu wake ni wengi. Fatma, Aisha, Mariam, Ali, Omar, Salim: yapange upendavyo, katika kila mtaa utapata watatu wenye majina hayohayo. Ndiyo maana kinachokutambulisha kwenye mikopo si jina, ni nambari ya kitambulisho. Na nambari huandikwa na binadamu. Fundi akiandika kiuno 38 badala ya 36 gauni litakuja na mfuko tumboni, na bibi harusi hana kosa lolote. Ila kwa fundi bibi harusi hujaribu gauni mbele ya kioo, na mkopo hauna siku ya kujaribu. Kanuni zinamtaka mkopeshaji akupe ilani ya siku 30 kabla hajapeleka habari mbaya, lakini ilani hupelekwa kwa simu na anwani alizonazo yeye. Kama hizo ni za mtu mwengine, wewe utajua siku utakapokataliwa mbele ya watu.

Tukaandika barua. Si ndefu, ukurasa mmoja. Tulisema ni akaunti ipi tunayoipinga, kwa nambari yake kama ilivyo kwenye ripoti. Tukasema kwamba mkopo si wetu, na tukataja yale mambo matatu. Tukaomba tuonyeshwe mkataba wenye saini, nakala ya kitambulisho kilichotumika, na mahali pesa zilipotumwa. Tukaambatanisha nakala ya kitambulisho cha mwenzetu na taarifa yake ya M-Pesa na ya benki ya mwezi ule mkopo ulipotolewa, ionekane wazi kwamba hakuna pesa hizo zilizoingia. Barua moja kwa shirika la CRB, moja kwa mkopeshaji. Tuliyoipeleka kwa mkono tuliomba igongwe mhuri kwenye nakala yetu. Tuliyoituma kwa barua pepe tuliihifadhi na tarehe yake.

Kwa nini pande zote mbili? Kwa sababu shirika la CRB halikutunga habari hiyo, limepelekewa. Ni lazima limuulize aliyeipeleka. Na ukimwandikia mkopeshaji peke yake, anaweza kuirekebisha kwake na kule ikabaki vilevile. Kanuni zinasema ukishapinga, shirika linapaswa kuweka maelezo kwenye ripoti yako kwamba habari hiyo inachunguzwa, na likishindwa kumaliza uchunguzi kwa siku 21, lifute kile unachokipinga. Siku hizo tuliziandika kwenye kalenda ya dukani, ileile ya tarehe za kuchukua magauni, kwa kalamu nyekundu.

Msidhani zilikuwa siku za utulivu. Binti wa huduma kwa wateja wa yule mkopeshaji alitupigia mara tatu, kila mara akisema, "Mama, sistimu inaonyesha ni wewe." Mwenzetu alimjibu jibu moja kila mara, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimekuelewa. Naomba hayo unayoyaona kwenye sistimu uniletee kwa maandishi." Mara ya pili alipunguziwa: alipe nusu yamalizike. Akakataa. Hakutukana wala hakulia, na baada ya kila simu aliandika tarehe, saa na jina la aliyempigia. Sisi wawili tuliokuwa tukimsikiliza huku tunakata kitambaa, mikono ilikuwa ikitetemeka kuliko yake.

Na kazi haikungoja. Nakshi za wale mabibi harusi wanne tulizipeleka kwa fundi wetu wa siku zote, na kwa kuwa msimu ulikuwa umechachamaa alipandisha bei. Gauni la tatu lilitutia hasara waziwazi. Tulilishona vilevile tulivyoahidi, maana bibi harusi hakuwa na habari ya CRB yetu na hakupaswa kuwa nayo.

Siku ya 19 jibu likaja. Tarakimu mbili za mwisho za kitambulisho zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mkopaji wa kweli alikuwa mwanamke mwengine mwenye majina matatu kama ya mwenzetu. Mkopeshaji alikiri, akaomba habari ifutwe, na ikafutwa.

Tulisema alhamdulillahi, tukala mahamri, kisha tukakumbuka kwamba mashirika ni matatu. Tukaomba ripoti kutoka kwa mawili yaliyobaki. Moja lilikuwa safi. La pili lilikuwa bado na lile deni vilevile, kama kwamba hakuna kilichotokea. Ikabidi tuandike tena, safari hii tukiambatanisha barua ya mkopeshaji, na siku chache baadaye nalo likafuta. Dada, usifurahie ripoti moja. Tazama zote tatu, na uzitazame tena baada ya mwezi.

Kama siku 21 zingepita kimya, tulikuwa tumeshajua mlango unaofuata. Benki Kuu hupokea malalamiko dhidi ya benki na mashirika ya CRB. Kuna ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo inakupa haki ya kutaka habari za uongo juu yako zirekebishwe. Na juu ya yote hayo kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 35, kinachompa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo kweli inayomdhuru isahihishwe au ifutwe. Tunayataja ili ujue kwamba ukiandika barua ile huombi hisani ya mtu. Unadai haki yako, na unaidai kwa adabu.

Mashine tuliipata, lakini baada ya Idi. Msimu ulishapita. Hatutawaambia kwamba haki ilitulipa hasara yetu, maana haikulipa. Tulichobaki nacho ni jina la mwenzetu kama alivyopewa na baba yake, bila doa alilotiwa na mtu asiyemjua.

Tumemfikiria sana pia yule mwanamke mwengine. Hatukumtafuta, wala si haki yetu kumtafuta. Lakini kosa lile lilimdhulumu na yeye. Kama angelipa deni lake kwa tabu, wema wake ungeandikwa kwetu, naye aonekane hana lolote la kumshuhudia. Na kama tungelipa sisi, yeye angebaki na deni shingoni mbele ya Mola wake huku karatasi zikisema limekwisha. Deni halihamishwi kwa makosa ya kalamu.

Sasa neno letu kwa nyinyi mabibi harusi. Tunajua orodha yako ni ndefu: hina, leso, ukumbi, mpambaji. Ongeza mstari mmoja. Kabla ya nikaha, chukua ripoti zako tatu uzisome. Dini yetu imetuachia majina ya baba zetu. Kuolewa hakukubadilishi jina, na nambari ya kitambulisho ni ileile. Kwa hivyo utakaloingia nalo kwenye ndoa utakaa nalo, na deni la mume si lako mpaka utie saini mwenyewe. Angalia pia ni laini ngapi za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ikiwa kaka alisajili laini kwa jina lako ulipotoka shule, ijue iko wapi. Ukiombwa kitambulisho "mara moja tu" kwa mkopo wa mtu mwengine, hata awe mchumba, kataa kwa upole na umwambie sisi ndio tuliokukataza.

Na wewe ambaye tayari umeandikwa, soma kwanza. Kama deni ni lako, hata kama ni la zamani na linakuonea haya, zungumza na mkopeshaji mpange namna ya kulipa, kisha udai barua ya kumaliza na uhakikishe CRB imeandika kwamba umemaliza. Hilo ni jambo jema na halina aibu. Kama ni chini ya shilingi 1,000, ujue kwamba tangu mwaka 2020 madeni ya kiasi hicho hayatakiwi kupelekwa CRB kabisa. Na kama si lako, weka mkoba chini, chukua kalamu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na uzito wa deni, na atupe ujasiri wa kukataa lisilo letu. Amin.